Nauli ya Watu Wawili

Hattingh alitaka kamera ya bondeni iteremshwe kabla giza halijaingia, na aliyetumwa kuiteremsha alikuwa licencié en agronomie, mention distinction, yaani mwenye shahada ya kilimo ya daraja la juu. Ndivyo dunia ilivyopangwa. Mwenye shamba hajui jina la jani analolikanyaga. Anayelijua ndiye anayepanda mlima na viatu vya plastiki, kufuata kisanduku kilichofungwa mtini.

Jina lake Juvénal, mtoto wa Bukavu. Tangu afike Durban alikuwa akilinda magari ya watu pale ufukweni, "back, back, sharp, boss", diploma ikiwa chini ya godoro. Sasa amepata kibarua kwa huyu Hattingh, mwenye pori nyuma ya mto Umkomaas, anayeleta wageni kutoka ng'ambo waje kupiga pongo kwa bunduki. Mgeni hataki pongo yeyote. Anataka dume mzee, pembe nyeusi, shingo iliyonyonyoka. Na ili ujue dume huyo anapita wapi, unamwekea kamera ya mtego.

Kuchagua kamera ndiko kulikomwonyesha Hattingh kwamba huyu mkwerekwere, mgeni wa kutoka nchi za juu, ana kichwa. Ya flashi nyeupe Juvénal aliiweka kando: ikiwaka mara moja, pongo ameihama njia ile. Ya taa nyekundu pia akaikataa. Wewe unaona kinukta, mnyama mzee anaona jicho. Akachukua nyeusi, ambayo mwanga wake haumfikii mtu wala mnyama. Kitabu cha maelezo, kilichoandikwa huko Amerika, kilisema uielekeze kaskazini. Akacheka peke yake. Huku jua linapita kaskazini. Fuata kitabu, urudi na picha za jua tupu. Akaielekeza kusini, kimo cha kiuno, pale njia mbili zinapokutana juu ya kijito, akafyeka nyasi ndefu zisije zikaichezea kamera kwenye upepo.

Wakabaki tumbili. Tumbili wa pale wana mikono ya wezi wa simu. Basi akavunja tawi la mti wa miiba uliosimama peke yake karibu na kijito, miiba iko miwili miwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoano. Akalizungushia kamera kwa waya. Tumbili wakakoma. Jina la mti alilijua kwa Kilatini. Kwa Kizulu hakulijua, na hakumuuliza mtu.

Jioni hiyo alifika pale juu akihema. Ndege hawakuwepo.

Hata chura hakuwepo.

Kulikuwa na harufu. Majani yaliyooza, na chini yake kitu kama sarafu iliyoshikwa na mkono wa jasho. Nyayo za pongo zilikuwa mbichi, nyingi, zimezunguka mti wa kamera duara zima… kama ng'ombe wanavyomzunguka mchungaji wao.

Tik.

Kamera ilipiga picha. Juvénal alikuwa nyuma yake. Mbele hapakuwa na kitu.

Mtu akiogopa na hana wa kumwambia, anafanya mzaha. Akakigonga kisanduku mgongoni. "Haya mzee, kazi imekwisha. Twende nyumbani." Akajaribu kuutoa ule waya, miiba ikamchoma mpaka kwenye mfupa, akatukana kwa Kifaransa, akakitia chote mfukoni, kamera na tawi lake. Umeme shambani ulikuwa umekatwa, ni mwaka ule wa load-shedding, na Hattingh alizitaka picha keshokutwa yake. Angezitazama kwake, kwenye laptop yake ya chuo.

Kwenye taxi, daladala ya huku, tawi lilitokeza nje ya mfuko na kumchoma mama aliyekaa karibu. Dereva akageuka. "Lipakate, au ulilipie kiti."

Juvénal alikuwa amechoka na damu ilimtoka mkononi. Akalilipia. Akaliweka kwenye kiti cha dirishani, kama mgeni.

Hapo ndipo kitu kilipobadilika humo ndani. Redio ilizimwa. Mzee mmoja wa Kizulu akavua kofia. Wasichana waliokuwa wakicheka wakatazama chini. Juvénal akawaza, lo, leo wamejua kuheshimu msomi. Walipovuka daraja, kwa upuuzi tu, akalinong'oneza tawi: "Ule ndio Umkomaas, mzee. Usiogope, tunavuka." Na Albert Park, mtaa wao mjini Durban, mbele ya ngazi za jengo lao: "Tumefika. Ni huku juu. Ingia."

Alisema hivyo kweli. Ingia.

Annick, dada yake mdogo, alikuwa anawasha mshumaa. Yeye ndiye aliyelipia chumba, ndiye aliyenunua unga, kwa vidole vyake viwili vilivyovimba kwa kusuka nywele za watu saluni. Ulimi wake haukuwa na likizo, hata kwa kaka aliyemwita Grand.

"Grand, iko nini ndani ya mufuko?"

"Kazi."

"Kazi gani iko na miiba? Miye niko nasuka vichwa ya watu toka asubui, weye licencié mzima unaniletea fagio. Na fagio yenyewe haifagie!"

"Annick, nyamaza kidogo."

"Nanyamaza. Weka kazi yako mbali na sombe yangu."

Aliiweka kando ya godoro la Annick, kwa sababu mahali pengine hapakuwepo. Akafungua laptop, betri ikiwa karibu kuisha.

Picha za kwanza zilikuwa za kumfurahisha Hattingh. Dume lenyewe, mzee, shingo imenyonyoka, anakunywa maji bila wasiwasi. Picha ya pili, dume na majike. Ya tatu, hao hao, na nyuma yao, kwenye nyasi, mtu.

Amesimama. Pongo hawamkimbii.

Picha iliyofuata, amesogea. Iliyofuata, amesogea tena. Koti la kaki, miguu haina viatu, kinywa kimefunguka kama cha mtu anayeimba. Kamera nyeusi haionekani na kiumbe chochote. Huyu aliitazama katikati ya kioo.

Juvénal alimjua kabla uso haujakamilika. Koti lile walilivaa wanakwaya wa parokia. Ni Zénon, Mrundi, mwimba besi, aliyepotea msimu wa mvua uliopita. Watu walisema amekwenda Cape Town kwa mwanamke mwingine. Mke wake, Bernadette, kila Jumapili baada ya matangazo alisimama na kuuliza mbele ya watu kama kuna aliyemwona, na kila Jumapili watu walitazama viatu vyao. Mwisho hata padri alianza kumkatiza.

Picha ya mwisho ya porini ilikuwa ya shavu tu. Kulikuwa na tundu kwenye shavu. Dogo, la mviringo, safi, la ukubwa wa risasi.

Baada ya hiyo kulikuwa na picha nyingine.

Kiti cha taxi, karibu na dirisha. Kimekaliwa.

Na nyingine… godoro lenye shuka ya maua. Annick amelala ubavu. Mtu ameketi ukingoni, mgongo kwa kamera.

Juvénal akageuka. Annick alikuwa amesimama, anakoroga ile sombe ya majani ya muhogo.

"Unanitazama nini? Haijaiva."

Laptop ikazimika.

Usiku huo Annick alilala ubavu, kwenye shuka ya maua. Asubuhi aliamka akitetemeka, udongo mwekundu chini ya kucha zake. Akajishangaa, akaosha, akaenda saluni. Alirudi mchana. Alikuwa amekaa mbele ya kichwa cha mteja, akasahau nywele zinavyogawanywa. Alicheka alipoeleza, lakini kicheko hakikufika machoni. Akaanza kufua huku akiimba taratibu, sauti nzito. Wimbo wa kanisa. Kwa Kirundi.

Annick hajui Kirundi.

Mlangoni mwa jengo aliketi MaCele, gogo, yaani bibi mzee, wa Kizulu aliyeuza karanga na sigara moja moja, mwenye kuwajua wapangaji wote kwa madhambi yao. Juvénal alishuka na tawi, kulitupa kwenye pipa. MaCele alipoliona aliinuka kwenye kreti lake. Gogo huyo hakuwa amemwinukia mtu tangu enzi za ubaguzi.

"Hawu, mfana! Umlahlankosi huo. Nani amefariki kwenu?"

"Hakuna, Gogo. Ni mti tu. Ziziphus—"

"Usinitukane. Umeutoa wapi?"

Akaeleza. Kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili wakaelewana, na kadiri alivyoeleza ndivyo MaCele alivyozidi kuuziba mdomo wake kwa kanga. Juvénal alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Sisi mtu wetu akifia njiani, tunatuma wa ukoo wake na tawi hilo, akamchukue pale alipoangukia. Anaongea naye njia nzima. Hapa ni mto, hapa ni daraja, sasa tunaingia. Kwenye taxi anamlipia kiti. Wewe mtoto wa watu umefanya yote! Hata mwanangu mwenyewe sijui kama atanifanyia vizuri hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

Kicheko kikakatika. "Umemleta kwa watu wasio wake. Mpeleke kwa walio wake. Umwongeleshe njia nzima. Ukifika uwaambie wazi, mbele yake, ameangukia wapi. Ukificha mahali, haingii."

"Na nikichelewa?"

MaCele aliketi tena, akapanga karanga zake. "Mgeni hakai mlangoni siku zote, mfana. Anatafuta pa kulala. Dada yako ni mzima?"

Kesho yake Hattingh alizitazama picha kwenye bakkie yake, lile pikapu la shamba, kadi ya kamera imechomekwa kwenye kijimashine cha kioo. Alipiga mluzi kwa lile dume. Akasogeza mbele. Mluzi ukakauka.

Akawasha sigara, akaivuta mpaka mwisho.

"Delete," akasema.

"Boss, huyu ni Zénon. Alikuwa anakufanyia kazi?"

"Hakuna mtu hapo, Prof. Hiyo ni nyasi na kivuli. Wewe umesoma." Alimgeukia, macho ya buluu, mapole kabisa, macho ya mtu anayemchagulia mbwa kola. "Aliyekuwa na kamera kabla yako alirudi kwao. Hakuaga. Mimi nahitaji mtu wa kudumu. Nyumba iko nyuma ya shed, na maji, na barua ya kazi utakayowaonyesha watu wa uhamiaji, wa Home Affairs. Lakini nahitaji mtu anayeona kilichopo. Kisichokuwepo, haoni. Are you that guy?"

Kazi. Barua ya kazi. Miaka yote ile ya "back, back, sharp, boss" ilipita mbele ya Juvénal kama foleni ya magari. Akamwona mama yake Bukavu aliyeuza shamba ili yeye asome. Akajiona Albert Park akipita katikati ya Wakongomani wote waliomwita licencié kwa kejeli.

Alimfikiria pia Annick. Hilo tumpe haki yake. Alimfikiria.

Mashine iliuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Jumamosi wageni walikuja, dume likapigwa. Hattingh akampiga Juvénal mgongoni mbele yao wote. Annick wakati huo alikuwa hawezi kuinuka. Aliomba maji kwa lugha asiyoijua. Miguu yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba, miwili miwili. Na alikuwa anaishiwa matusi, na hilo ndilo lililomtisha Juvénal kuliko mikwaruzo. Alimwambia kwa makusudi, "Annick, sombe yako iliungua," akingoja ampasue kwa matusi. Annick alimtazama kwa upole tu.

"Grand…" akanong'ona. "Iko mutu ananiambia nisogee. Kila nikilala, ananiambia nisogee kidogo."

"Umesogea?"

"Godoro imeisha, Grand."

Jumapili baada ya misa alichukua tawi. Sasa lilikuwa limekauka, lakini lilikuwa zito kuliko lilipokuwa bichi. Alikwenda nalo kwa miguu mpaka Glenwood, akilinong'oneza kila kona, hapa ni robot, zile taa za barabarani, hapa tunapinda, watu wakimpisha njia. Bernadette alikuwa amepanga chumba cha uani nyuma ya nyumba moja kubwa ya wanafunzi. Alifungua akiwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani.

Akaliona tawi. Miaka Durban ilimtosha kujua. Uso wake wote ukafunguka, ukawa wa mtu aliyengoja kuumizwa na sasa anashukuru.

"Ndugu Juvénal," akasema polepole. "Umemkuta wapi?"

Nyuma ya Juvénal, pale uani, kulikuwa na mtu anayepumua. Harufu ya majani yaliyooza. Harufu ya sarafu.

Neno lilikuwa moja tu. Umkomaas. Akilisema, kesho Bernadette yuko polisi, keshokutwa wanachimba karibu na kijito, na barua ya kazi ni karatasi ya chooni.

"Ndugu yangu, niambie. Hata kama ni vibaya. Umemkuta wapi?"

"Mimi… nilipita tu kukusalimia, mama."

"Na hilo tawi?"

"La kuni."

Bernadette hakulia. Aliinama, akaliambia lile tawi kitu kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anavyomwambia mtoto aliyesahauliwa shuleni. Kisha akafunga mlango. Juvénal akasikia akiegemea upande wa pili na kuteleza mpaka chini.

Akaliacha tawi getini. Alirudi karibu anakimbia, bila mzigo, mwepesi. Nyuma yake hakusikia hatua. Akajiambia: si nimempeleka? Nimemfikisha mlangoni. Mengine ni mambo yao mke na mume.

Na Annick alikuwa amepona!

Amesimama, ameoga, amefagia chumba mpaka kona za nyuma ya friji. Ugali mezani, samaki mezani, sahani ya Juvénal imefunikwa. Juvénal akamkumbatia, akacheka, machozi yakamtoka. Ngozi yake ilikuwa na baridi kidogo, lakini mtu aliyetoka kuoga ndivyo alivyo.

"Karibu, ndugu yangu," akasema Annick. "Umechoka. Kaa."

Hakumwita licencié. Hakumuuliza ametoka wapi na nguo nzuri. Alimtazama akila mpaka mwisho, mikono yake imetulia magotini, na Juvénal akala, kwa sababu alikuwa na njaa, na kwa sababu hakutaka kuinua macho.

Jumatatu alifika shambani kama mtu wa kudumu. Hattingh alikuwa amemwambia aiweke kamera nyingine pale pale juu ya kijito, na wiki nzima ilikuwa inafanya kazi. Alipanda asubuhi, jua zuri. Akaitoa kadi, akarudi kwenye bakkie, akaichomeka kwenye mashine.

Majike wa pongo. Majike wa pongo. Tumbili.

Jana, jioni, saa ileile aliyokuwa anakula samaki.

Pongo wamezunguka duara. Katikati yao, mtu. Amevaa apron ya saluni, kitana bado kiko mfukoni. Miguu haina viatu. Pongo mmoja mdogo ananusa mkono wake, vidole viwili vimevimba. Ameitazama kamera isiyoonekana, na kinywa chake kiko wazi kabisa, kama cha mtu anayemwita mwenzake aliye mbali, kwa sauti yote aliyo nayo.

Juvénal akachukua simu. Akapiga nyumbani.

Ikapokewa mlio wa kwanza.

"Ndugu yangu," ikasema sauti ya Annick, nzito kidogo, tulivu. Nyuma yake maji yalichemka. "Umefika salama. Kuna kitu umeona huko?"

Hattingh alikuwa amesimama dirishani mwa bakkie, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama milima.

"Anything, Prof?"

Simu sikioni. Kioo mkononi. Kwenye kioo, kinywa kile.

"Nothing," Juvénal akawajibu wote wawili, akagusa delete.

Mashine ikauliza kama ana uhakika.